Sauti Iliyoyaacha Maneno

Mwezi wa Septemba mwaka 1993 kampuni ya 4AD ya London ilitoa albamu ya sita ya kundi la Dead Can Dance, iitwayo Into the Labyrinth, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema "Kuingia Mzingileni". Ina nyimbo 11, na huchukua dakika zipatazo 55 kuisikiliza yote. Waandishi wa magazeti hawakukubaliana waiite nini. Wako walioiita muziki wa kigothi, wako walioiita muziki wa dunia, na wako walioyachanganya majina hayo mawili kisha wakaongeza la tatu, muziki wa elektroniki, wakaiacha hapo.

Mpenzi wa mashairi anayeisikiliza kwa mara ya kwanza hukutana na kikwazo. Nyimbo kama nusu hazina maneno. Sikusudii kusema kwamba zimeimbwa kwa lugha ngeni. Lugha ngeni ina wenyewe, na mkalimani akipatikana mambo huwa yamekwisha. Lisa Gerrard, mwanamke aziimbaye nyimbo hizo, hutamka silabi zisizo za taifa lolote. Hazimo katika kamusi wala hazina sarufi. Ukizisikia kwa mbali utadhani ni Kigiriki cha kale, ukisogea utadhani ni Kiarabu cha kabila usilolijua, na ukitega sikio sawasawa utagundua kwamba si hiki wala si kile. Sisi wa visiwani na mwambao tumelelewa katika ada nyingine. Kwetu wimbo huanza na shairi, na shairi huanza na neno. Mtu akiusifu wimbo, aghalabu husifu kwanza fumbo lililomo, kisha sauti ya mwimbaji, na ala huja nyuma. Basi tuifanye nini sauti iliyoyaacha maneno yote ufukweni ikajitosa baharini peke yake? Suala hili ndilo lililonifanya niifuatilie historia ya albamu hii, maana jibu lake, kwa maoni yangu, limo katika historia zaidi kuliko katika nadharia za muziki.

Gerrard alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1961, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ayalandi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Australia ilikuwa imewafungulia milango wahamiaji wa kusini mwa Ulaya, Wagiriki na Wataliana kwa maelfu, na mwaka 1967 ikatiliana saini na Uturuki mkataba wa kupokea watu wa nchi hiyo. Mtaa wa Prahran, alikokulia msichana huyo, ulikuwa mmoja wa mitaa iliyopokea wageni hao. Yeye mwenyewe ameeleza mara kadhaa kwamba nyimbo za majirani zao, za Kigiriki na za Kituruki, ndizo zilizomlea. Fikiri, msomaji, hali ya mtoto huyo. Anamsikia mtu mzima akilia ndani ya wimbo. Anajua kwamba ni kilio, anajua hata pahala hasa ambapo moyo unavunjika, lakini hajui aliyefariki ni nani, wala alifia wapi, wala aliyeondoka na meli aliahidi kurudi lini. Huzuni yote imemfikia, ila habari yake imebaki upande wa pili wa ukuta. Mtu aliyejifunza kuimba kwa njia hiyo hana ajabu akikua huku akiamini kwamba habari si sehemu ya lazima ya wimbo. Inasemekana alikuwa na umri wa miaka kama 12 alipoanza kuimba kwa silabi zake mwenyewe.

Mwenzake, Brendan Perry, alizaliwa London mwaka 1959, naye ana nasaba ya Ayalandi. Alihamia Auckland, New Zealand, akaingia katika kundi la vijana wa muziki wa panki lililoitwa The Scavengers, kisha akavuka bahari kwenda Melbourne. Huko, mwaka 1981, yeye na Gerrard pamoja na wenzao wawili wakaunda Dead Can Dance, na mwaka uliofuata wakafunga safari kwenda London kutafuta riziki. Hawakuipata upesi. Waliishi katika jengo la ghorofa nyingi huko Isle of Dogs, mashariki mwa mji, karibu na magati yaliyokuwa yamefungwa mwaka 1980, mahali ambapo meli za dunia nzima ziliwahi kutia nanga na ambapo sasa palikuwa na korongo za chuma zilizosimama bure.

Jina la kundi liliwaponza. Tafsiri yake ni "Wafu Waweza Kucheza", na wengi walilichukua kuwa tangazo la wapenda makaburi. Wao walikuwa na maana nyingine. Jalada la albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1984, lina picha ya kinyago cha New Guinea, na Perry alifafanua kwamba kinyago ni mti uliokwisha kufa, ambao mkono wa mchongaji umeurudishia uhai. Kwa wakati ule, hata hivyo, ufafanuzi wa aina hiyo haukuwa na wa kuusikiliza. Mwezi wa Julai mwaka 1982 klabu ya Batcave ilikuwa imefunguliwa London, na vijana waliovaa nguo nyeusi na kujipaka wanja mzito walikuwa wamepata pahala pa kukutana na jina la kujiita. Neno lenyewe limesafiri mbali: Wagothi walikuwa kabila la wapiganaji waliouteka mji wa Roma mwaka 410, baada ya karne nyingi watu wa Italia wakalitumia jina lao kuyatukana makanisa marefu ya kaskazini, mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole akaandika riwaya ya ngome na mizuka, na wasomaji wakaita riwaya za namna hiyo za kigothi, mwishowe likawaangukia wapiga magitaa. Dead Can Dance walilikataa jina hilo mara nyingi. Kwa upande mmoja walikuwa na haki. Lakini mtu anayeweka juu ya jalada la albamu yake ya mwaka 1987 picha ya kaburi la Père-Lachaise, Paris, asishangae sana akiitwa mgothi.

Sasa tuje kwenye mitambo. Muziki waliousikia vichwani mwao ulitaka matarumbeta, fidla, kwaya na ngoma za mabara matatu, na wao walikuwa wawili tu, wasio na pesa. Aliyewaokoa alikuwa fundi. Mwaka 1979 Waaustralia wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, walitengeneza mjini Sydney kinanda cha kompyuta kilichoitwa Fairlight, ambacho kiliweza kunasa sauti yoyote, ya mbwa, ya kengele, ya mtu, kisha kuipiga kwa noti zote za kinanda. Kilikuwa na bei ya nyumba. Miaka michache baadaye vikatokea vinasa-sauti vya kidijitali, vile viitwavyo sampla, vilivyo rahisi zaidi, na muongo wa 1980 ulipokuwa ukimalizika hata mtu wa kawaida aliweza kuwa na kwaya ndani ya sanduku la chuma lisilozidi mkoba wa safari. Kwa hivyo elektroniki katika muziki huu haikuja kama pambo la kisasa. Ilikuja kama ukata. Ndiyo maana sauti zake hazing'ari kama za muziki wa disko. Zimefifizwa, zimewekewa mwangwi mrefu, na mara nyingi msikilizaji hawezi kutambua kipi ni kamba na kipi ni umeme.

Lakini chombo kinachonasa sauti yoyote kinaleta swali la mwenye sauti. Mwezi wa Juni mwaka 1987 wenye kampuni ndogondogo za sahani walikutana katika baa ya Empress of Russia, London, wakakubaliana kwamba muziki wote uliokuwa hauna rafu katika maduka ya Uingereza uuzwe kwa jina moja la "muziki wa dunia". Jambo hili linatuhusu. Mojawapo ya kampuni hizo, GlobeStyle, ilikuja Unguja mwaka 1988 ikarekodi taarabu, na kupitia sahani zake Ulaya ikawajua Ikhwani Safaa na Culture Musical Club. Hapo wenye muziki walitajwa kwa majina yao. Mwaka 1992 Wafaransa wawili waliojiita Deep Forest walikwenda njia nyingine. Walichukua sauti ya Afunakwa, mwanamke wa kisiwa cha Malaita katika Visiwa vya Solomon, iliyorekodiwa na mtafiti Hugo Zemp kiasi cha miaka 20 kabla, wakaitia midundo ya klabu, na wimbo ukavuma duniani kote kutoka katika albamu iliyouzwa kwa sifa za watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Alichokuwa akiimba Afunakwa ni wimbo wa kumbembeleza yatima: mtoto anamtuliza mdogo wake kwa sababu wazazi wao hawapo tena duniani. Watu waliucheza. Walioucheza hawakuwa wabaya. Walikuwa wamenyimwa maneno.

Niliposikiliza tena Into the Labyrinth baada ya kuijua habari hiyo, niliisikiliza kwa kuitilia shaka, kwani albamu hizi mbili zilitoka takriban wakati mmoja na ziliuzwa kwa watu walewale. Tofauti niliyoiona ni kwamba Gerrard haimbi kwa kinywa cha mtu mwingine. Mizani ya sauti zake ameiazima, ndiyo, kutoka Balkani, Uturuki na nchi za Waarabu, lakini koo ni lake, na silabi, kwa kuwa si za mtu, hazikuibwa kwa mtu. Mwaka 1996, walipokuwa wakitayarisha albamu ya Spiritchaser, waligundua kwamba kipande kiitwacho "Indus" kinafanana na wimbo wa George Harrison wa mwaka 1967. Wakamwendea, na jina lake likaandikwa miongoni mwa watunzi. Huo ni uungwana, ingawa ni rahisi zaidi kuwa muungwana kwa mtu mwenye wakili.

Albamu yenyewe ilirekodiwa Ayalandi. Perry alikuwa amenunua kanisa dogo lililokwisha kuachwa, Quivvy, katika jimbo la Cavan, karibu na mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini, akaligeuza kuwa nyumba na studio. Gerrard alikuwa amerudi Australia, anaishi milimani. Kila mmoja alitunga peke yake, kisha Gerrard akasafiri nusu ya dunia ili waunganishe. Katika albamu zilizotangulia walialika wapiga fidla na matarumbeta. Katika hii hawakumwalika mtu. Ala zote ni mikono minne na mitambo.

Wimbo wa kwanza, "Yulunga", hukaribia dakika saba. Huanza na sauti nzito ya chini isiyobadilika, kama uvumi wa bahari usiku, na juu yake Gerrard anaingia bila mapigo yoyote, anapanda polepole, anashuka, ananyamaza, anapanda tena. Aliyezoea taarabu hatapotea hapa. Hiki ndicho kitendo cha mwimbaji anapotoa mawali kabla ya wimbo kushika mwendo, na kwa Waarabu ndicho kitendo cha layali, ambapo mwimbaji hulirudia neno moja la usiku hata likaacha kuwa neno likawa pumzi. Kisha njuga na ngoma zinaingia moja baada ya moja, na ile sauti iliyokuwa ikielea inapata ardhi ya kukanyaga. Katika albamu nzima sijui kitu kilichopangwa kwa subira kama dakika tatu hizo za mwanzo.

Na hapa ndipo ninapotaka kusita kidogo kwa habari ya kwetu, kwa sababu sisi tumewahi kuishi na nyimbo tusizozifahamu maneno. Taarabu iliyoingia Unguja zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, iliimbwa kwa Kiarabu ndani ya jumba la mfalme, na wengi waliosimama nje kuisikia walikuwa katika hali ya yule mtoto wa Prahran: kilio wanakijua, habari hawanayo. Aliyeubomoa ukuta huo ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Yeye naye aliziimba kasida na nyimbo za Kiarabu, lakini mwaka 1928 alipokwenda Bombay na wenziwe kutia sauti katika sahani, alichokipeleka kilikuwa Kiswahili. Sahani zile zilinunuliwa kwa wingi na watu ambao kwa mara ya kwanza walisikia mashine ikiwasemesha kwa lugha yao. Na maneno yale yalikuwa na kazi ya kufanya. Wimbo wake wa Kijiti ulieleza jinsi mwanamke mgeni alivyouawa, jinsi muuaji alivyokimbilia bara, na jinsi mkono wa serikali ulivyowaangukia mashahidi. Uondoe maneno katika wimbo huo uone kitakachobaki. Itabaki huzuni nzuri sana, na Kijiti atakuwa amenusurika mara ya pili.

Kwa hivyo Siti na Gerrard walipita barabara moja, kila mmoja akielekea upande wake. Mmoja aliukuta wimbo usiofahamika akautia maneno. Mwingine aliukuta wimbo usiofahamika akaamua kwamba kule kutofahamika ndiko wimbo wenyewe. Nisingependa msomaji adhani kwamba namdharau huyu wa pili. Mwaka 1992 mwongozaji Ron Fricke alitoa filamu isiyo na mazungumzo hata sentensi moja, akaiita kwa neno tunalolijua sote, Baraka. Ndani yake kuna picha za wanawake na watoto wanaochokora jaa la taka mjini Calcutta, na juu ya picha hizo imewekwa sauti ya Gerrard kutoka albamu ya mwaka 1988, katika kipande kiitwacho "The Host of Seraphim". Sijui shairi, la lugha yoyote ninayoisoma, ambalo lingeweza kuwekwa pahala pale bila ya kuonekana linatoa hotuba. Sauti ile haiwahurumii wale watu wala haiwaelezi. Inalia tu pamoja nao, kisha inanyamaza.

Lakini iko shughuli ambayo sauti peke yake haiiwezi, na Into the Labyrinth yenyewe inakiri hivyo katika wimbo wake wa tatu. Hapo Gerrard anaimba maneno. Ni shairi la Kiingereza liitwalo "The Wind That Shakes the Barley", la Robert Dwyer Joyce, tabibu na mshairi wa jimbo la Limerick aliyefariki mwaka 1883. Ni kisa cha kijana aliyeshikwa baina ya mapenzi ya mchumba wake na mapenzi ya nchi yake katika uasi wa Ayalandi wa mwaka 1798. Anapokuwa katika kumuaga, risasi inampata yule msichana. Kijana anamzika, anakwenda vitani, na upepo unaendelea kuitikisa shayiri.

Uasi ule uliongozwa na Jumuiya ya Waayalandi Walioungana, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, waliotaka jamhuri kwa mfano wa Ufaransa. Ulianza mwezi wa Mei na kufikia Septemba ulikwisha kuzimwa. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 10,000 na 30,000, na wako wanahistoria wanaotaja idadi kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba waasi walitia shayiri mifukoni kuwa ndiyo masurufu yao ya njiani, na kwamba walipofukiwa kwa pamoja katika mashimo yasiyo na alama, majira ya machipuko yalipofika shayiri ikaota juu yao ikaonyesha walipo. Ndiyo maana ya shayiri katika wimbo. Bila ya kuijua, kibwagizo kinakuwa maelezo ya hali ya hewa.

Sasa zingatia alivyouimba. Katika albamu iliyojaa mitambo, mwangwi na ngoma za mabara, wimbo huu hauna ala hata moja. Kwa muda usiofika dakika tatu hakuna kitu isipokuwa koo la mwanamke mmoja. Tena hakuupamba, mtu anayeweza kupandisha na kushusha sauti hata ukasahau kuvuta pumzi ameuimba ubeti baada ya ubeti kwa unyoofu, kama bibi aliyekaa kwenye kibaraza anayetaka wajukuu wasikose hata neno moja. Binti wa wahamiaji, ambaye tangu utotoni alikuwa akiimba kwa lugha isiyokuwapo, alipofika katika nchi ya wazee wake, ndani ya kanisa tupu, kuwataja wafu wa nchi hiyo, aliziweka kando silabi zake. Wafu wale wana mwaka wao, wana shamba lao, wana sababu yao. Hawaliliwi kwa jumla.

Uko uchungu mwingine ndani yake. Shairi hilo la kuwaomboleza waliopigana na Mwingereza limetungwa kwa Kiingereza. Kiayalandi kilikuwa lugha ya mamilioni mwanzoni mwa karne ya 19. Njaa kubwa ya kuanzia mwaka 1845, uhamaji ulioifuata, na skuli zilizofundisha kwa Kiingereza vilikikausha hata Joyce na wasomaji wake wakawa wanalia kwa lugha ya yule yule aliyewaliza. Nikilifikiri hili, zile silabi za Gerrard zisizo za taifa lolote huanza kunisikikia kwa namna nyingine. Sitaki kudai kwamba ni kivuli cha lugha iliyopotea; yeye hakudai hivyo, na dai la namna hiyo ni rahisi mno. Nasema tu kwamba katika familia nyingi zilizovuka bahari kuna vizazi vilivyorithi tuni na visirithi maneno.

Nyimbo za katikati nitazipita upesi. "The Ubiquitous Mr Lovegrove", ulioimbwa na Perry kwa sauti yake nzito iliyotulia juu ya ngoma za mkono, ndio uliowafikisha kwenye redio za vijana Marekani, na unastahili. "Saldek" na "Ariadne" ni fupi, ni vishikizo tu vya kuunganishia, ingawa jina la huyu wa pili ndilo linaloshika kisa cha albamu: Ariadne ndiye aliyempa Theseus uzi wa kumrudisha nje ya mzingile wa Krete. "Tell Me About the Forest" una tuni nzuri kuliko maneno yake. "Towards the Within" ndio bora kuliko zote zisizo na maneno baada ya "Yulunga", na usikilizwe usiku.

Wa mwisho ni shairi tena, na safari hii ni la Mjerumani Bertolt Brecht, kutoka tamthilia yake ya Mama Courage aliyoiandika mwaka 1939, vita vilipokuwa vinalipuka. Katika tamthilia hiyo, ambayo kisa chake kimewekwa katika Vita vya Miaka Thelathini vya karne ya 17, wimbo huu huimbwa na watu wawili wenye njaa wanaoomba chakula mlangoni mwa nyumba ya kasisi wakati wa baridi. Wanataja mmoja mmoja: Sulaiman na hekima yake, Kaisari na ushujaa wake, Socrates na ukweli wake, Martin mtakatifu na ukarimu wake, kila mmoja sifa yake ndiyo iliyomwangamiza, na heri, wanasema wenye njaa, asiye na sifa hizo. Msomaji wa Al-Inkishafi ataujua mtindo wa kuwaita wakubwa waliopita ili kuonyesha walikoishia, ila Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliwaita wakwasi wa Pate ili moyo wake uzinduke, ilhali Brecht anawaita ili apewe bakuli la supu. Perry anauimba kwa muda wa dakika tisa bila ya haraka wala kejeli, juu ya fidla na matarumbeta ya kinanda, kama anayesindikiza jeneza la mtu asiyemjua. Mimi ningependa kejeli kidogo zaidi. Wimbo wa ombaomba hauhitaji mazishi ya kifalme.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 1993 walirekodi onyesho lao katika ukumbi wa Mayfair huko Santa Monica, California, na sahani yake ikatoka mwaka 1994 kwa jina la Towards the Within. Kundi lilivunjika mwaka 1998, likakutana tena kwa ziara ya mwaka 2005, na likatoa albamu mbili nyingine, mwaka 2012 na 2018. Lakini sahani ya Santa Monica ndiyo ninayoirudia zaidi. Ndani yake kuna kipande kiitwacho "Oman", na mwenye jamaa Maskati atakitegea sikio kuliko vingine, atafute humo hata neno moja la shangazi zake. Kuna "Yulunga" pia. Kisha, katika namba ya sita, watu wananyamaza na Gerrard anaanza kuimba shayiri, peke yake kama alivyofanya Quivvy. Anapomaliza, Perry anapokea kwa utungo wa kale wa mtu aliyelala juu ya kaburi la mpenzi wake akikataa kuondoka. Utungo huo ulitungwa kwa Kiayalandi, yapata karne ya 17. Anauimba katika tafsiri ya Kiingereza.